Harufu Iliyobaki Ziwa Lilipofungwa

Nilimtambua kwa mikono kabla ya kumtambua kwa uso. Ilikuwa Mwansabombwe, upande wa Zambia, mwaka jana, kwenye matanga ya jamaa wa mume wangu. Siku ya pili wanawake tulikaa uani tukimenya mihogo, na mama mmoja mzee alikuja kukaa kando yangu, akaanza kumenya kwa vidole vitatu tu, vile viwili vingine amevinyanyua juu, kama mtu aliyefundishwa asiguse kitu zaidi ya inavyohitajika. Nikaacha kisu changu. Mikono ile niliwahi kuiona ikipima tumbo la dada yangu kwa namna hiyohiyo, vidole vitatu, viwili vimenyanyuliwa. "Sista Mulenga," nikasema. Alinitazama muda mrefu, na macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu wa uzee. Kisha akasema kwa Kibemba, "Wewe ni yule msichana wa Kikongo asiyeongea." Alikuwa amestaafu unesi, akiishi karibu na hapo na kuku wake, akanialika nipite kwake alasiri. Nilienda. Nilikuwa na jambo la kumwambia, na nilikuwa nimelibeba tangu nina miaka kumi na sita.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, niliishi Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru upande wa Zambia, kwa Yaya Feza, dada yangu mkubwa, na mume wake, Shemeji Kazadi. Tulikuwa watu wa ng'ambo, upande wa Kongo, na Shemeji alinunua samaki ufukweni na kuwavusha. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya matofali mabichi, na pazia la kitenge kati yake. Mimi nililala chumba cha mbele, katikati ya magunia ya chisense, wale samaki wadogo wa Mweru wanaoanikwa mchangani hadi wanakuwa kama vijiti vya fedha. Magunia yalifika karibu na dari. Nguo zangu, mkeka wangu, nywele zangu, hata daftari langu, vyote vilinuka chisense. Shuleni wenzangu waliniambia kwamba wanajua nimefika kabla sijaingia darasani. Sikuwajibu. Sikuwa namjibu mtu mwaka ule. Nilikwenda sekondari, nikajifunza Kibemba kwa kusikiliza tu, na nikirudi nilikaa nyuma ya nyumba juu ya beseni lililogeuzwa, nikaandika katika daftari mambo ambayo mtu mwingine angeyasema kwa mdomo.

Daftari lile ninalo bado. Mwandiko umelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo, na lugha ni ya kwetu, Kiswahili cha Katanga, chenye njo badala ya ndiyo, na Kifaransa kidogo cha shule. Mwezi wa kumi na moja nimeandika: *Yaya iko na mimba ya miezi mitatu. Haniambie. Nilisikia ku pazia. Shemeji alisema, hii haitatoka kama ile ingine? Yaya akasema, Mungu njo anajua.* Ile nyingine ilikuwa mimba ya kwanza, kule ng'ambo, iliyotoka ikiwa ya miezi sita. Mtoto alitoka amekufa, wakasema Yaya alibeba ndoo nzito. Sasa mama yake Shemeji alikuwa ametuma maneno kwa watu wa boti, na maneno ya watu wa boti hayafiki yakiwa ya siri: kama tumbo hili pia halitakaa, kuna msichana amekwisha kumwona kule Pweto, mtoto wa watu wazuri, mwenye kiuno cha kuzaa. Yaya aliyasikia akiwa anapepeta chisense uani. Aliendelea kupepeta. Usiku ule hakula bukari, ugali wetu, akasema amekula samaki wengi akionja.

Kazi yangu ya nyumbani ilikuwa maji, vyombo na kufua. Katika kufua kulikuwa na ndoo ya bluu yenye kifuniko, nayo ilikuwa na vitambaa vya Yaya. Hatukuwahi kusema habari ya ndoo hiyo. Yeye aliiweka nyuma ya mlango, mimi niliichukua, nikaifua mbali na watu, nikaanika vitambaa chini ya kanga ili mtu asivione. Mwanzoni nilishangaa kwamba mwanamke mwenye mimba bado ana vitambaa. Havikuwa na damu. Vilikuwa na majimaji ya kijivu, mepesi, na nilipovitia maji ya moto ilipanda harufu ya samaki. Sikufikiri sana. Katika nyumba ile hata chai ilinuka samaki.

Jirani yetu aliitwa Mayo Chola, mama mnene mwenye sauti ya kupasua kuni, aliyefunda mabinti wa mtaa mzima kabla hawajaolewa. Yeye ndiye ambaye Yaya alimwambia habari ya majimaji yale. Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni, wao wako ndani, wakisema Kiswahili cha soko kwa sababu Yaya hakujua Kibemba zaidi ya salamu.

"Unajiosha?" Mayo Chola aliuliza.

"Najiosha, Mayo. Kila siku."

"Juu juu ao ndani?"

Yaya akacheka kidogo, kicheko cha haya.

"Ndani, mwanangu. Mutoto atapita njia chafu? Weye unafagia nyumba mbele ya mugeni, hapana? Kata ndimu, tia na sabuni ya kufulia, kidogo, na majani nitakupa. Asubuhi na jioni. Bwana wako hatasikia kitu."

Hapo ndipo Yaya alianza. Asubuhi na jioni alipeleka maji ya uvuguvugu nyuma ya kile kibanda cha kuogea cha matete, na mimi ndiye niliyekata ndimu. Nimeandika: *Leo ndimu ine. Yaya anatoka kuoga macho mekundu. Anasema sabuni iliingia ku macho.* Na kadiri alivyojiosha, ndoo ya bluu ilizidi kujaa. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba mambo hayo mawili yalikuwa yameshikana mikono. Wakati ule niliona tu mwanamke anayefagia na vumbi linaloongezeka.

Halafu mvua zikakaza. Chisense haikauki kwenye mvua, inaoza mchangani, na samaki wakubwa serikali ilikuwa imewafungia ziwa ili wazae. Shemeji alivusha magunia ya mwisho. Tuliosha sakafu, tukapaka udongo mpya, nikaanika mkeka wangu juani saa zile jua lilipotokea. Kwa mara ya kwanza nilijua kuta za nyumba ile zina harufu yao wenyewe, harufu ya mvua na moshi. Tulikula sombe ya majani ya mihogo na mafuta ya mawese, tulikula maharagwe, tulikula uyoga. Na siku moja mchana, tukiwa tumekaa kula, Shemeji aliacha tonge la bukari mkononi.

"Feza," akasema, "samaki iko wapi?"

"Samaki gani?"

"Njo nauliza. Ziwa imefungwa. Magunia ilivuka. Hii harufu inatoka wapi?"

Yaya alisema labda panya alificha kichwa cha samaki darini. Shemeji alipanda juu ya kiti akatafuta. Alitafuta kwa bidii, akitupa chini mabati ya zamani na kamba, na Yaya alibaki amekaa mbele ya sahani, mapaja ameyabana. Mimi nilitazama maharagwe yangu. Shemeji alishuka mikono mitupu, akanawa, akasema taratibu, si kwa hasira, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko hasira: "Kuna bibi za batu ku soko banakuwaka na ile harufu. Benye kulala na kila mutu." Kisha akaendelea kula. Tangu siku ile Yaya alianza kununua vichwa vya samaki wa kukaushwa, vya zamani, vigumu kama kuni, akavipika kila siku ili nyumba inuke. Shemeji alilalamika kwamba supu ni chungu. Yaya alisema mimba ndiyo inayotaka.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa siku moja kwa wiki. Yaya alikawia hadi mimba ilipofika mwezi wa sita, akiogopa kuhesabu. Tulitoka alfajiri ili tupate nafasi ya mbele kwenye benchi, bila kula kitu. Njiani alisimama mara mbili, ameshika kiuno. "Mwadi, njala itaniua. Huyu mutoto anakula miye ndani." Nilienda naye kwa sababu nilijua Kibemba. Hakukuwa na mwingine. Tulipofika, foleni ilikuwa imeshazunguka kona, wanawake labda arobaini, na nesi alikuwa mmoja. Tulikaa. Mbele yetu walikuwa wanawake wawili wa ufukweni wakicheka cheka, mmoja na tumbo la kwanza, mwingine mzoefu.

"Ukiingia watakuuliza kama unatokwa na uchafu," mzoefu alisema kwa Kibemba. "Sema hapana."

"Na kama natokwa?"

"Nani hatokwi? Sema hapana. Ukisema ndiyo wanakupa vidonge vichungu, na karatasi umpelekee mumeo naye aje kutibiwa. Utampa wako ile karatasi?"

"Wangu? Ataitumia kunichapia."

Wakacheka, na yule mwenye tumbo la kwanza akacheka kwa kuchelewa. Yaya aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasema habari ya waume zao. Hiyo haikuwa uongo.

Chumba cha Sista kilikuwa na kitanda kimoja, mezani kadi na kalamu iliyofungwa kwa uzi, ukutani kamba ya nguo yenye glovu zilizofuliwa na kupakwa unga, zikining'inia kama viganja vya watoto. Alimlaza Yaya, akampima kwa vile vidole vitatu, akaweka pembe ya mbao ya kusikilizia tumboni na sikio lake juu, akatabasamu bila kunitazama. "Mtoto yupo. Anacheza." Nilimtafsiria, na Yaya alifunika uso kwa mkono. Kisha Sista akauliza la kwanza, amewahi kuzaa? Nikatafsiri. Mimba ilitoka mwezi wa ngapi? Nikatafsiri. Alipoandika la mwezi wa sita aliinua kichwa. "Sasa sikiliza vizuri. Mwulize dada yako kama anatokwa na uchafu huku chini, wa rangi gani, na kama una harufu. Ni jambo la maana."

Nilikuwa nafahamu jibu kuliko mtu yeyote duniani. Nililifua mara tatu kwa wiki. Lakini kwetu mdogo mtu haweki mwili wa dada yake mdomoni; hayo ni ya shangazi, ni ya akina Mayo Chola, na tena ndani, mlango umefungwa, siyo msichana wa shule aliyesimama na viatu vilivyotoboka mbele ya mtu anayeandika. Nilisikia uso wangu unawaka. Nilifikiri pia karatasi, nilifikiri Shemeji akiisoma, msichana wa Pweto. Nataka kusema nilifikiri hayo kwanza. Sikufikiri hayo kwanza. Kwanza niliona haya, na hayo mengine nikayaokota njiani tukirudi nyumbani ili nijifunike nayo.

Nikamgeukia Yaya, nikamwuliza, "Unasikia njala?"

Yaya hakunitazama. Alimtazama Sista usoni, akasema, "Hapana."

"Hapana," nikamwambia Sista.

Kalamu ilisimama. Sista alinitazama, akatazama mlangoni ambapo tumbo lililofuata lilikuwa limeshachungulia, akaandika. Tulipewa vidonge vya damu. Nje ya lango Yaya alinunua mihogo ya kuchoma. Katika daftari siku ile kuna mistari mitatu tu: *Leo kliniki. Mutoto anacheza. Yaya alikula mihogo tatu, akaniambia mersi.*

Ilikuwa mwezi wa tatu wa mwaka mpya, wiki tano baadaye, ziwa limefunguliwa na ufuko mzima umerudi kupiga kelele. Nilirudi shuleni mchana nikamkuta Yaya amesimama katikati ya chumba, miguu ameitanua, chini kuna dimbwi. Alidhani amejikojolea. Aliniomba kitambaa apanguse. Mayo Chola alipoingia alinusa, akaacha kusema, na Mayo Chola kuacha kusema ndiko kulikonitisha. Tulimpeleka kwa baiskeli, mimi nikimshika mgongo, yeye akiomba msamaha kila tulipopita kwenye shimo, sijui akimwomba nani. Alikuwa na joto kali. Mtoto alizaliwa kabla jua halijatua, msichana, miezi saba haijatimia. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba, ungeweza kuona mishipa kama mistari ya daftari. Sista Mulenga alimfunga na pamba na kumweka kifuani mwa Yaya, ngozi kwa ngozi, akasema asitolewe hapo. Aliishi siku mbili. Sauti yake ilikuwa kama ya kifaranga aliyekanyagwa. Siku ya pili asubuhi alikuwa anavuta pumzi, anaacha, anavuta, na Yaya alikuwa anavuta pamoja naye, mpaka pale ambapo mmoja aliacha na mwingine akaendelea.

Watoto wa namna ile walizikwa na wanawake, bila wanaume na bila kilio. Tulikuwa sita. Mayo Chola alichimba kwa jembe lake mwenyewe, na udongo ulikuwa mwepesi kwa mvua. Yaya hakupewa ruhusa ya kulia, na hakulia. Njiani kurudi Mayo Chola alisema kwa upole kwamba labda majani hayakutosha, mara nyingine wataongeza. Shemeji hakumpiga, hakumtukana. Alikaa mlangoni akitengeneza mizani yake ya samaki kwa siku nzima, nayo haikuwa mibovu. Mwezi wa tano alivuka kwenda Pweto, na mwezi wa saba aliyerudi na boti alikuwa mdogo wake, kutuambia tufunge vitu. Nilipakia ndoo ya bluu. Yaya aliitoa katika mizigo, akaiacha nyuma ya mlango.

Hakuzaa tena. Alikufa kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza.

Barazani kwa Sista Mulenga, kuku wakipita kati ya miguu yetu, nilimwuliza kwanza kama mtu anayeuliza habari za jirani. Ile harufu ilikuwa nini? Alinieleza kwa utaratibu wa mtu aliyelieleza jambo hilo mara nyingi. Kila mwanamke ana vijidudu huko chini, wengine wema, nao ndio walinzi. Wakipungua, wale wengine wanajaa, na wao ndio wenye harufu ya samaki. Si lazima watoke kwa mwanaume. Si uchafu wa tabia. Sabuni na ndimu huwafukuza wale wema na kuwaachia wengine nyumba. Kwa mwenye mimba, mara nyingine wanapanda juu, chupa inapasuka kabla ya wakati, na yule aliyewahi kuzaa kabla ya wakati ndiye wa kuangaliwa zaidi. "Tulikuwa na vidonge mwaka ule," akasema. "Vichungu, vya siku saba."

"Vingemwokoa mtoto?"

"Sijui. Wapo waliomeza wakazaa mapema vilevile. Wapo walionuka hivyo wakazaa watoto wanono. Angalau dada yako angepona yale majimaji, na mtu angemwambia hakufanya kosa."

Basi nikamwambia. Nilisema nikitazama mikono yake. Nilimwambia kwamba sikumwuliza Yaya lile swali, nilimwuliza kitu kingine.

"Ulimwuliza kama anasikia njala," Sista alisema, na alilisema kwa Kiswahili.

Mama yake Sista alikuwa ameuza chisense kwa Wakongo maisha yake yote. Maneno ya soko aliyajua tangu anabebwa mgongoni: bei gani, punguza, kesho, njala. "Nilisikia," akasema. "Nikafikiri, nitoke nje nimtafute mama mtu mzima anayejua lugha yake. Halafu nikaona foleni. Nikafikiri, wiki ijayo. Niliandika 'hapana' kwa mkono wangu mwenyewe, nikijua." Alimfukuza kuku aliyekuwa anadonoa kamba ya kiatu changu. Sikuwa na la kumsamehe wala yeye hakuwa na la kunisamehe, au labda tulikuwa nalo na hatukujua lianzie wapi.

Baadaye, nikiwa nimesimama kuaga, aliuliza, "Na dada yako alikuwa ameshiba siku ile?"

Tulikuwa tumetoka alfajiri bila kula. Alisimama njiani mara mbili kwa njala. Mimi nilimwuliza kama anasikia njala, na yeye, ambaye alikuwa amesikia maneno marefu ya Sista na swali langu fupi, na kuona uso wangu unawaka, alimtazama Sista na kusema hapana. Nje ya lango alikula mihogo mitatu amesimama, haraka, chumvi ikimwagika kwenye tumbo lake, kisha akapangusa vidole na kuniambia, "Mersi, Mwadi." Miaka yote nilidhani ananishukuru kwa mihogo. Mihogo aliinunua mwenyewe.